Ile asilimia si yako

Tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke Januari, mwanafunzi wangu mmoja aliyepata A ananiuliza swali lilelile kila tukionana: "Mwalimu, nina nafasi gani?" Haulizii vyuo vya hapa. Hapa KUCCPS, wakala wa serikali wa kugawa nafasi za vyuo, imeshampangia chuo, na kozi yenyewe nzuri tu. Anaulizia Amherst, Williams, Swarthmore, Bowdoin: vile vyuo vidogo vya Marekani vya sanaa huria, vyenye wanafunzi elfu mbili hivi au pungufu, ambako mtu husoma fizikia na falsafa kwa pamoja na profesa humjua kwa jina. Takwimu za wanaochukuliwa amezitafuta kwenye simu, akazinakili nyuma ya daftari la hesabu. Zote nne chini ya asilimia 10. Anataka nimwambie kama yeye yumo.

Jana nilimjibu kwamba ile asilimia si yake. Imejumlisha watu ambao hawashindanii kitu kimoja: mwanariadha ambaye kocha ameshamtaka, mtoto ambaye babake atalipa ada yote bila kuuliza, na wale waliotuma ombi la mapema wakiahidi kwamba wakikubaliwa hawaendi kwingine. Kisha yuko huyu wa kwangu, wa Likoni hapa Mombasa, anayehitaji kulipiwa takriban kila kitu. Na gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi, pamoja na chakula na malazi, imeshapita dola 85,000. Piga hesabu kwa shilingi yetu: inakaribia milioni 11.

Hapo kwenye pesa ndipo vyuo vinapoachana njia, ingawa kwenye orodha za "vyuo bora" vinakaa pamoja kama ndugu. Amherst na Bowdoin havitazami mfuko wa mwombaji, hata akiwa mgeni. Vikimtaka humchukua na kujaza pengo la ada ambayo familia haiwezi kulipa. Williams, Swarthmore na Pomona navyo hujaza pengo lote la mgeni waliyemkubali, ila kiasi anachoomba huingia kwenye mizani kabla ya kumkubali. Yaani mtoto wa Likoni anashindania ile bajeti ya wageni, wala si viti vyote. Kisha kuna vyuo ambavyo vitakuletea barua ya pongezi isiyo na senti. Hiyo ni ya kutundika ukutani.

Kwa hiyo tumeanza na fomu ya pesa, ile ya CSS Profile, kabla ya kitu kingine chochote. Tumeijaza kwao, mama yake akiwa jikoni anachovya viazi kwenye rojo la unga. Yeye huuza viazi karai jioni, karibu na feri. Fomu inauliza mapato ya mwaka. Mama akacheka. "Mwalimu, mwaka mimi nauhesabia wapi? Hesabu yangu ni ya jioni kwa jioni." Basi tukafanya hivyo: jioni nzuri, jioni ya mvua, Ramadhani peke yake kwa sababu wakati huo watu hununua kwa ajili ya futari. Tukatoa gunia la viazi, mafuta, makaa, na ushuru wa kaunti. Fomu ikauliza thamani ya nyumba (ya kupanga), gari (hakuna), akiba ya kustaafu. Hapo mama hakucheka, alinitazama tu. Niliandika sifuri na kuendelea.

Binti ndiye aliyenishangaza. Alitoa daftari ambalo sikuwa nalijua, ameandika kwa miezi mingi ni vipande vingapi vinatoka kwenye gunia la soko la Kongowea, viazi vikubwa na vya wastani, na vingapi hutupwa baada ya mvua. Amegundua kwamba vya wastani vina faida zaidi, na mama sasa hununua vya wastani.

Wakati huo huo, rasimu ya insha yake ya maneno 650 ilikuwa inaanza na "Elimu ni ufunguo wa maisha" na aya tatu kuhusu umaskini. Sikumlaumu, maana sisi walimu ndio tuliomfundisha kupamba ili apate alama za lugha. Nilimwambia afute yote, aandike kuhusu daftari la viazi. Akaona aibu. "Wazungu watanicheka, Mwalimu." Wasomaji wa vyuo hivyo huletewa ndoto za kuwa daktari kwa maelfu. Daftari la viazi, nadhani, hawajaliona.

Barua ya shule ya kumpendekeza nayo inahitaji kazi. Iliyoko inasema ni mtiifu, nadhifu, na alikuwa kiranja. Mistari minne na muhuri.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Wenzake wanaripoti vyuo vikuu mwezi huu. KCSE hufanywa mwisho wa mwaka na matokeo hutoka Januari, wakati maombi mengi ya Marekani yameshafungwa, hivyo mtoto wa Kenya hulazimika kukaa mwaka mzima akisubiri msimu wa pili. Na akijisajili hapa ili asikae bure, vyuo vingi vya kule vitamhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, ambaye misaada yake ni haba zaidi. Itabidi aombe kuahirisha nafasi yake ya hapa. Majirani wameanza kuuliza kwa nini mtoto wa A anakaanga viazi.

Mjomba wake alikuja kulisema hilo waziwazi. "Vyuo hivyo hata sijavisikia." Nikamtajia Wangari Maathai, aliyekwenda 1960 kusoma biolojia katika chuo kidogo cha wasichana, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Nikamtajia Kofi Annan, aliyehitimu Macalester 1961. Mjomba akanijibu kwamba Wangari alikwenda kwa mpango wa kina Tom Mboya, nauli ya ndege ilikuwa imeshapatikana. Hapo alinishika, na nilikiri. Tiketi ni jambo la kuulizwa chuo kwa chuo, maana si vyote vinavyolipa.

Mama ameamua aahirishe.

Orodha yetu sasa iko hivi. Bowdoin kwa ombi la mapema, Novemba. Hawadai SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na hawajaidai tangu 1969. Kisha Amherst, Grinnell kule Iowa, Macalester, Mount Holyoke, na Berea ya Kentucky, ambako hakuna mwanafunzi anayelipa ada ya masomo. Williams nimeikata. Yeye ameirudisha kwa penseli, na Jumamosi tutabishana.