Kunoa kisu jikoni: pima mgongo, usikisie pembe

Kila anayefundisha kunoa husema ushike kisu kwa nyuzi 20, kisha anaishia hapo. Jicho gani linapima nyuzi 20? Rula inatosha. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo, gawa kwa tatu, na kimo utakachopata ndicho mgongo uinuke juu ya kinoo. Theluthi inakupa nyuzi 19 na kitu. Robo inakupa kama nyuzi 14 na nusu, ambayo inakifaa kisu chembamba cha kutolea minofu ya sangara lakini itameguka ukigonga mfupa. Panga ipe nusu, yaani nyuzi 30, na utumie tupa.

Kwa hiyo kisu cha kumenyea matoke chenye upana wa milimita 24 kinainuliwa milimita 8. Kile kikubwa cha milimita 42 kinainuliwa 14. Panga sarafu juu ya kinoo mpaka zifike kimo hicho, egemeza mgongo juu yake, ushike sawasawa, kisha uziondoe. Kipande cha mbao kilichochongwa mteremko ni bora zaidi kwa sababu hakianguki.

Kinoo cha pande mbili cha duka la vifaa vya ujenzi kinatosha kabisa. Kiweke juu ya kitambaa kilicholowa ili kisiteleze. Kaza kifundo cha mkono, msogeo utoke begani. Vidole viwili vya mkono wa pili vikandamize bapa karibu na makali, na vihame pamoja na sehemu inayonolewa. Ukifika pale kisu kinapopinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo. Wengi hawainui, ndiyo maana visu vingi hukata vizuri katikati na ncha ni butu.

Kama huamini mkono wako, paka wino wa maka kwenye makali, vuta mara mbili, halafu tazama. Wino ukibaki ukingoni kabisa, mgongo uko chini mno. Ukifutika ukingoni peke yake na kubaki nyuma yake, umeinua mno. Jaribio hili ni la nusu dakika na linashinda maelezo yote, haya yangu yakiwemo.

Noa upande mmoja wa kisu kwenye upande mkwaruzo wa kinoo, mpaka uhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Uhisi kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Uzi huo lazima uwepo kuanzia mpini hadi ncha. Ukigeuza kisu kabla haujatimia, sehemu iliyorukwa itabaki butu hata uhangaike vipi na upande laini. Ukishanoa pande zote mbili, hamia upande laini wa kinoo, vuta kwa zamu kushoto na kulia, ukipunguza nguvu kila mara. Malizia juu ya gazeti lililolazwa kwenye ubao, Bukedde ya jana inafaa, ukivuta kinyume, mgongo ukitangulia. Uzi usipoondoka, kisu kitakata vizuri leo na kesho kitakuwa butu: ule uzi umejikunja tu.

Utomvu wa matoke uutoe kwanza kwa mafuta ya kupikia na sabuni, maana unaziba kinoo. Kwenye kinoo chenyewe tumia maji. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi humo ndani.

Kinoo chenyewe hulika katikati kikawa na bonde, na hapo pembe yako inabadilika hata kama mkono haukutikisika. Chora mistari ya penseli juu yake, ukisugue kwa maji na mchanga laini kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare mpaka mistari yote ifutike.

Gurudumu la umeme la fundi ni la haraka, lakini linachemsha chuma. Ukiona makali yamegeuka bluu, ujue yamepita nyuzi joto 280 hivi na ugumu umepungua. Sehemu hiyo italegea kila ukinoa mpaka uisage yote iishe.