Diski ya kwaya: kila mtu anasoma, wenzake hawaandiki

Hatimaye diski ya nje ya kwaya, inayotumiwa na watu watatu kwenye kompyuta moja ya Debian (aina ya Linux) hapa Kondele, Kisumu, inamruhusu kila mmoja kuhariri rekodi za mwenzake. Hatua za mwanzo zilikuwa zile za kawaida: niliuhama mfumo wa faili wa exFAT, ambao hauhifadhi wamiliki wala ruhusa za Linux, nikaweka ext4, nikaisajili diski kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kupachikwa) kwa UUID, yaani kitambulisho chake, na nofail ili kompyuta iwake hata mwalimu wa kwaya akiwa ameondoka nayo, kisha nikaunda kundi na kuipa folda kuu ruhusa 2775 (kundi linaandika, na faili mpya hurithi kundi la folda).

Kilichonisumbua ni faili zilizonakiliwa. ACL ya msingi (orodha ya ruhusa za ziada ambazo faili mpya hurithi) ilikuwepo, na faili tupu iliyoundwa kwa amri ya touch iliandikika na wote, ila iliyonakiliwa kwa cp kutoka folda ya nyumbani ya mwimbaji wa besi ilikuwa ya kusomwa tu. Amri ya getfacl, inayoonyesha ACL, ilinionyesha kundi lina rwx (kusoma, kuandika, kutekeleza), na pembeni yake maneno #effective:r--, yaani kwa vitendo linasoma tu. Sababu ni kwamba cp huomba faili iundwe kwa ruhusa za faili asili, yaani 644 (mmiliki anaandika, wengine wanasoma tu), na kerneli, kiini cha Linux, huibana barakoa ya ACL, yaani kikomo cha ruhusa zake, kwa kiwango hicho. Amri ya mv, ya kuhamisha faili, nayo hubeba ruhusa za zamani za faili bila kuuliza. Isitoshe, kwenye faili yenye ACL, ls -l huonyesha barakoa hiyo mahali pa ruhusa za kundi, na dirisha la sifa za faili kwenye desktopu yangu haliitaji ACL kabisa. Kurekebisha ruhusa kwa chmod kila baada ya muda kupitia cron kungekuwa kufagia uwanja upepo ukivuma.

Mwishowe nikakumbuka bindfs. Programu hii huonyesha folda ile ile mahali pengine, ikilazimisha kundi na ruhusa nizitakazo. Folda halisi nimeifunga kwa 700 (mmiliki pekee anaingia), ACL zote nimezifuta kwa setfacl -Rb, na wanakwaya wanaona /srv/kwaya pekee. Inapitia FUSE, njia ya kuendesha mfumo wa faili nje ya kerneli, hivyo kasi hupungua kidogo, lakini kwa rekodi za WAV sijaihisi tofauti.

Hatari iliyosalia ilikuwa diski ikikosekana: bindfs ingeonyesha folda tupu ya diski ya ndani na rekodi zingeingia huko. Mstari wake kwenye fstab sasa una x-systemd.requires-mounts-for, inayodai diski ipachikwe kwanza, pamoja na nofail, kwa hiyo diski isipokuwepo, /srv/kwaya haipachikwi.