Daftari la Baba Profesa

Tangu Jumanne kuna kitu kimenikwama kooni na hakitaki kushuka.

Baba Profesa (mnamjua, ndiye aliyeongoza tesi yangu, yule wa kofia) alikuja kwenye kozi yangu ya sheria ya madini, pale Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Bila taarifa. Akaingia na fimbo yake, akakaa benchi la pili katikati ya vijana, akafungua daftari la shule. Mzee mstaafu! Nilifundisha kama ninatetea tesi upya: sheria ya Kongo ya 2002, marekebisho ya 2018, mrabaha (asilimia ambayo mgodi unalipa juu ya madini unayouza) wa shaba kutoka 2% hadi 3.5%, kobalti kupandishwa hadi 10% ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati. Biki yake imelala tu juu ya daftari.

Nikafika kwenye mgawo wa mrabaha: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 10% mfuko wa vizazi vijavyo, 15% mji, sekta au eneo la chifu lenye mgodi. Kijana mmoja wa upande wa Kolwezi akainua mkono. Baba yake mdogo ni karani huko kwao. Akaeleza jinsi anavyoisubiri ile 15% iingie kwenye konti, na jinsi anavyokaa kando ya barabara na kuhesabu malori, maana hana njia nyingine ya kukisia tani zilizotoka.

Hapo biki ikaamka. Mzee akaandika, akamwomba kijana arudilie, akaandika tena.

Nilimsindikiza hadi kwenye taksi-basi.

— Baba, kwangu hukuandika hata mstari.

— Ya kwako nilikuwa nayajua, mwanangu.

— Hata ya 2018?

— Gazeti rasmi nililisoma kabla yako.

Akacheka, akapanda, akaenda zake.

"Ya kwako nilikuwa nayajua." Nimelisikia nikisonga bukari, nimelisikia nikisahihisha. Papa Naomi, mume wangu, anasema nimeanza kuongea peke yangu. Wiki hii hii dada amejifungua mapacha kule Likasi na mimi nimepewa ukatibu wa idara, hayo yatasubiri.

Jana usiku, umeme umekatika, nikajikuta nacheka. Mzee huyu alifundisha sheria ya 1981, ya 2002 ikaifuta, akaandika kozi yote upya. (Tunao wanaouza silabi (maandishi ya kozi) ile ile tangu tulipokuwa wanafunzi, nisitaje.) Ukatibu wenyewe hakuwahi kuutaka. Lakini alipoinama kuandika, nikaona promosyo nzima, darasa lote, nayo inainama, inaandika maneno ya mwenzao. Ya mwenzao! Hilo sijawahi kulipata, hata kwa kutishia mtihani.

Asubuhi nimemwandikia kijana: Jumanne ijayo saa ya kwanza ni yako, uje na hesabu ya malori. Akajibu, "Mama, nitalipwa?" Nikamwambia aulize kwanza kama mimi nimelipwa.

Halafu mwenye nyumba amemtuma tena mwanawe. Kuanzia Januari anataka kodi ya miezi sita mbele, kwa dola. Papa Naomi anajifanya hakusikia.