Siku yangu wodini Njombe, msimu wa mafua

Saa 11 alfajiri niko macho, na Njombe mwezi wa saba ukitoa tu pua nje ya blanketi unajuta. Saa 1 na nusu napokea ripoti wodi ya wanaume, wagonjwa wa kifua wamejaa mpaka magodoro ya chini. Pumu, waliopona TB ikawaachia makovu, wavuta sigara wa miaka mingi. Dawa, vitanda, raundi ya dokta, hayo yakapita.

Saa 4 ndo kikanuka. Mzee mmoja, mchoma mkaa zamani, mjukuu karudi shule na mafua wakalala chumba kimoja, yeye ndo kaletwa hawezi kumaliza sentensi. Mwanae akaanza, "Sista, mafua tu mnamlaza mzee wa watu? Mchomeni sindano kali tuondoke." Nikamwambia kaka, hayo mafua wewe unapiga chafya siku tatu yanaisha, ila mapafu ya mzee njia zake zilishakuwa nyembamba, virusi vikiingia zinavimba, makohozi yanaziba, hewa ikiingia kutoka inagoma, na antibayotiki haiui virusi. "Mbona kitanda cha pili kapewa?" Yule makohozi yake yamegeuka usaha kaka, hiyo dalili ya bakteria!

Nikatengeneza chupa, maana spesa, kile kifaa cha kuvutia dawa ya inhela, hakuna. Chupa ya maji ya nusu lita, unatoboa kitako kwa waya wa moto, inhela, ile pampu ya dawa ya kupulizia, inabana pale, mzee anavutia mdomoni, unaminya mara moja, anapumua taratibu mara kadhaa ndo unaminya tena. Watu wanacheka, lakini inafanya kazi vizuri tu.

Nageuka kuhudumia mwingine, narudi nakuta mzee anasinzia, kipimo cha oksijeni cha kidoleni asilimia 98. Nilimwacha na oksijeni lita 2 kwa dakika. Natazama mtungi, lita 8! Mwana kaufungulia, eti baba apate hewa ya kutosha. Jamani, hawa wagonjwa oksijeni ikizidi hewa chafu inajilimbikiza kwenye damu, mtu anasinzia mazima, tunatafuta 88 mpaka 92 basi. Nikashusha, dokta akaja mbio, kumwamsha mzee, kumpima, kumkalisha, sijui ilikuwa saa ngapi alipofungua macho akaomba uji. Miguu imevimba, chai yangu ya asubuhi bado iko mezani.

Nikaandika kwa maka peni juu ya mtungi MWISHO LITA 2, mwana nikamsomesha kwa sauti, akasoma. Halafu akaniuliza, "Sista, na hiyo chupa naweza kuitengeneza nyumbani?" Nikavuta kiti.