Shomoro wa kichwa kijivu: jibu lilikuwa kiunoni

Folda ya "labda", ya ndege nisiowatambua kwa hakika, imeanza kupungua. Rekodi za *Passer suahelicus*, mmoja wa shomoro wa kichwa kijivu, kutoka upande wa Nairobi zilikuwa zimerundikana humo kwa sababu moja tu: tulikuwa tunahukumu kwa wekundu wa mgongo, na mgongo ni mwongo. Jua la saa kumi na moja jioni linampaka *Passer griseus*, ndugu yake wa kawaida, rangi ya matofali. Kivuli cha mwarobaini kinamfifisha hadi ungeapa ni *suahelicus* aliyetoka Mara. Kamera ikiachiwa ijipangie rangi yenyewe, ndege yuleyule anatoka na migongo mitatu kwenye picha tatu.

Kilichofaa ni kuacha kuuliza mgongo una rangi gani, na kuuliza rangi inabadilikia wapi. *Griseus* hubadilikia shingoni: kichwa kijivu, kisha kahawia-nyekundu inayoteremka mpaka kiunoni, yaani mwisho wa mgongo juu ya mkia. Kwa *suahelicus*, kichwa na mgongo vinakaribia kulingana, halafu wekundu unazuka kiunoni. Mwanga mbaya unaharibu kila kitu, ila mpaka hauhami.

Tatizo ni kwamba kiuno hakionekani! Shomoro akitua, mabawa yanakifunika, na picha za ubavuni hazina maana hata ziwe kali namna gani. Dawa ni konzi mbili za mtama ardhini penye uwazi, kamera kwenye kimo cha mita 1.5, wewe mita sita au saba kutoka penye mtama, siku ya mawingu. Akiinama kudonoa, mabawa yanaachia kidogo. Kasi ya shata 1/1000 ya sekunde au zaidi, picha mfululizo, faili ghafi (RAW). Kabla ya ndege kushuka, piga picha ya kadi ya kijivu, ya kusawazishia rangi baadaye, palepale penye mtama. Kwenye kompyuta chukua sampuli tatu za rangi: kisogo, katikati ya mgongo, kiuno. Programu yoyote yenye kidonezi cha rangi (kinachosoma rangi ya mahali unapobofya) inatosha. Za kulipia hazikuongeza kitu hapa. Lenzi ya 400 mm nayo inatosha. Simu iliyobanwa kwenye darubini hukoleza rangi kupita kiasi, siitaki tena.

Makinda bado wanasumbua. Kinda la *griseus* lina mgongo uliofifia wenye michirizi hafifu, na likiwa peke yake linapita kama *suahelicus*. Subiri mkubwa afike kulilisha. Weusi wa mdomo usiutegemee: huja na msimu wa kuzaliana. Unene wa mdomo ndio wenye kazi, kwa *gongonensis*, shomoro mwingine wa kichwa kijivu, pamoja na koo la kijivu pale *griseus* ana koo jeupe. (Na kichekesho: *suahelicus* wa Kenya yuko nyika za kusini-magharibi, mbali na pwani ya Waswahili, ilhali anayebeba jina la Gongoni, Pwani, ndiye huyu mdomo mnene.) Mpaka wa rangi ukiwa nusunusu, andika "griseus/suahelicus" uendelee. Aina hizi mbili huwa zinazaana zenyewe kwa zenyewe.

Mwezi huu nilipanga kujaza rekodi za *domesticus*, shomoro wa majumbani, kwenye vituo vya mafuta vya barabara ya Mombasa, pentadi (mraba wa ramani) kwa pentadi, saa mbili kila moja kwa ajili ya Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Imeahirishwa. Kwenye mgunga wenye viota vya kwera pameonekana madume mawili ya *eminibey*, shomoro wa aina nyingine, kahawia-nyekundu toka kichwa hadi mkia, yakitikisa mabawa mlangoni pa kiota ambacho hayakukisuka. Kamera imehamia huko.