Dereva kwenye makaburi ya Hamm

Shemeji yangu ni mtu wa Bukavu, ameishi Luxembourg tangu ujana, na kama wenyeji wengi wa huko ana ugonjwa wa Patton, yule jenerali wa Kimarekani aliyeongoza Jeshi la Tatu katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2016 nilikwenda kumwona dada yangu aliyekuwa ametoka kujifungua. Asubuhi moja chai haijapoa, shemeji kashika funguo za gari. "Twende nikupeleke kwa Jenerali," akasema, utadhani mwenyewe yuko nyumbani anatusubiri.

Makaburi ya Hamm yako nje kidogo ya jiji. Wamelala pale Wamarekani zaidi ya 5,000, wengi wao waliouawa majira yale ya baridi Hitler alipotupa karata yake ya mwisho katika misitu ya Ardennes. Misalaba ni ya marumaru nyeupe, hapa na pale Nyota ya Daudi. Patton yuko peke yake mbele, amewaelekea askari wake kama anakagua gwaride. Mwanzo alizikwa kwenye mstari na wenzake, lakini wageni walikuwa wengi mno, wakawa wanakanyaga makaburi ya jirani, ndipo akahamishwa mwaka 1947. Msalaba wenyewe ni uleule wa kila mtu: jina, cheo, Jeshi la Tatu, California, tarehe ya kufa. Hilo nililipenda.

Shemeji akaanza. Desemba 1944 Wajerumani wamevunja mstari, mji wa Bastogne, Ubelgiji, unazingirwa, Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika, anakutana na makamanda wake Verdun, Ufaransa, tarehe 19. Patton anajibu kwamba siku tatu zinamtosha. Jeshi lililokuwa likipigana kuelekea mashariki likageuzwa kaskazini kwenye theluji, na tarehe 26 vifaru vyake vikaingia Bastogne. "Siku tatu, shemeji! Tatu!"

Sasa mimi riziki yangu ni lori la mafuta, Dar hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Mtu akiniambia jeshi limegeuka, nauliza nani alikuwa kwenye usukani. Kupandisha tela Kitonga usiku wa mvua ni shughuli, seuze msafara wa maelfu ya magari kwenye barafu. Hata wale askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, waliosifika kwa kuishikilia Bastogne, hawakushuka toka angani. Waliletwa kwa malori ya wazi kutoka Mourmelon, Ufaransa, wamebanana kama mzigo.

Nikamkumbusha shemeji habari za Agosti mwaka uleule, Patton wake alipokwama huko Ufaransa kwenye mto Meuse. Si kwa risasi za Mjerumani. Vifaru vilikauka mafuta. Msafara wa malori uliopewa jina la Red Ball Express ulianza tarehe 25 Agosti ukaendelea hadi Novemba, usiku na mchana, njia moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, raia hawaruhusiwi kupita. Siku za kilele malori yalikaribia 6,000. Mafuta yalikuwa kwenye madumu ya chuma, ambayo nayo yaliigwa kwa Wajerumani. Katika kila madereva wanne, watatu walikuwa weusi, kwa sababu jeshi la Marekani wakati ule lilitenga askari kwa rangi, na weusi wengi walipewa usukani na kazi za kubeba badala ya bunduki. Nao wakang'oa spidi gavana. Shemeji alicheka sana hapo. Mimi sikushangaa, mzigo ukichelewa, najua atakayesemwa ni nani.

"Na unajua kilichomuua?" nikamuuliza.

"Ajali. Desemba 1945, karibu na Mannheim."

"Aligongana na nini?"

Ilikuwa GMC ya jeshi ya tani mbili na nusu, aina ileile iliyombebea mafuta Ufaransa nzima. Gari lake dogo halikuwa kwenye mwendo mkubwa, lakini shingo yake ilivunjika, akafia hospitali Heidelberg tarehe 21. Shemeji alijua kila kitu isipokuwa aina ya lori, na nadhani ilimuuma.

Nikamwacha hapo nikaingia kwenye mistari kutafuta herufi QM, alama ya kikosi cha ugavi. Nikampata mmoja: QM, kampuni ya malori, Georgia, Januari 1945. Rangi yake haikuandikwa. Walipokuwa hai walikula mbalimbali, na amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano jeshini ilikuja 1948, lakini hapa wamechanganywa.

"Unamjua?" shemeji akauliza nyuma yangu.

"Dereva huyu."

Akasoma jiwe, akatoa simu. "Simama hapo nikupige picha."

Nikamtumia tajiri wangu Dar picha ile. Akajibu palepale: narudi lini, kuna mafuta ya kupeleka Lubumbashi.