Waliniambia niache kuongea naye lugha yetu

Binti yangu alikuwa na miaka saba tulipohamia nchi ambayo hakujua hata neno moja la lugha yake. Miezi minane baadaye niliitwa shuleni nikaambiwa ni mzito wa kuelewa, na dawa ni moja: nyumbani tuiache kabisa lugha yetu. Aliyenishauri alikuwa na nia njema, nami nikamwamini. Hilo linaniuma hadi leo.

Tulitii kwa miezi mitatu. Nilibandika vikaratasi vya maneno mlangoni, kwenye kabati, hata kwenye kioo. Jioni tuliyokuwa tukipiga soga ikageuka kipindi cha mazoezi. Lugha yenyewe mimi nilikuwa naibabaisha, kwa hiyo mtoto aliyezoea kuniuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, sasa alisikia kwa mama yake "kula", "lala", "funga mlango", basi. Maswali yakakatika. Mwezi wa tatu lugha ya shule ilikuwa haijamwingia kwa kasi yoyote ya ziada, na nyumbani amekuwa bubu. Usiku mmoja nikavibandua vikaratasi vyote nikamwita kitandani kwangu, tukaongea kwa lugha yetu mpaka akalala katikati ya sentensi.

Laiti ningemsoma Jim Cummins mapema. Ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto ambaye tangu mwaka 1979 ametenganisha lugha ya kuchezea na wenzako na lugha ya kusomea. Ya kwanza mtoto mgeni huipata kwa miaka kama miwili. Ya pili huchukua miaka 5 hadi 7. Binti yangu alihukumiwa baada ya miezi minane tu! Tena anaeleza kwamba kile mtoto alichokielewa kwa lugha ya kwao hahitaji kukielewa upya. Kinachobaki ni kujua kinaitwaje huku. Mzazi akiambiwa aache lugha yake, aulize mtoto atafikiri kwa kutumia nini katika miaka hiyo yote ya kungoja.

Nikanunua daftari. Kila swali aliloniuliza nililiandika neno kwa neno, kwa lugha aliyoulizia, na tarehe pembeni. Usilisanifu, usilifupishe. Daftari hilo ndilo lililotuokoa, hasa ukurasa mmoja.

Alikuwa ametimiza minane. Akaniuliza: "Mama, namba zote na namba shufwa, zipi nyingi?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba namba zote ndizo nyingi, maana shufwa ni nusu yake tu. Akaondoka kimya. Alirudi na karatasi. Kushoto ameandika 1, 2, 3, 4 na kuendelea, kulia 2, 4, 6, 8, na mshale kutoka kila namba hadi maradufu yake. "Nionyeshe iliyokosa mwenzake," akasema. Niliitafuta karibu nusu saa. Haipo. Baadaye nilisoma kwamba Galileo aliandika fumbo la jamii hiyohiyo mwaka 1638, kwa namba na miraba yake, yaani kila namba ikizidishwa kwa yenyewe.

Wakati huo tayari alikuwa amepimwa kwa ajili ya darasa la watoto wenye vipaji, na barua ilisema hajafikia kiwango. Karibu mtihani mzima ulikuwa wa maneno: kinyume cha neno hili, neno lipi halihusiani na mengine. Walipima msamiati wake wakauita akili.

Nikaomba dakika kumi kwa mwalimu wake wa hesabu. Nikaweka ile karatasi mezani na penseli mbili, nikamwambia binti yangu asiseme kitu, aandike tu. Mwalimu akaandika 50 upande wa kushoto. Mtoto akaandika 100 kulia. Mwalimu akahamia kulia, akaandika 1,000. Mtoto akaandika 500 kushoto. Halafu mwalimu akamtega kwa kuandika 7 upande wa kulia. Mtoto akatikisa kichwa, akaifuta. Mwalimu akaiweka penseli chini na kumtazama, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama hasa. Alikuwa amemwona mtoto mkimya asiyenyoosha mkono. Wapo watoto waliolelewa kuona kuwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima, na darasani kimya hicho kinasomwa kama ujinga.

Mwalimu huyo ndiye aliyenisaidia kudai kipimo kisicho cha maneno. Tuliandika barua mbili. Katika ya pili nilitaja wilaya moja ya shule huko Florida, Marekani: ilipoanza kuwapima watoto wote badala ya kungoja mapendekezo ya walimu na wazazi, watoto weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipaji waliongezeka sana. Wakakubali kumpa matriksi za Raven, ambazo zipo tangu mwaka 1938: michoro 60, kila mmoja umetobolewa kipande, na mtoto anachagua kipande kinachojaza pengo. Ila msidhani michoro haina ugeni wake. Mtoto ambaye hajawahi kuona karatasi ya kuchagua jibu atahangaika na karatasi kabla ya kufikia swali, kwa hiyo mzoesheni tu umbo la karatasi. Alikosa michoro michache sana. Nililia kwenye basi.

Gharama zote zilikuwa daftari, nauli, na siku kadhaa za ruhusa kazini.

Sasa ana miaka kumi na moja. Kwenye hesabu yuko anapostahili. Kwenye kuandika bado anapewa hadithi za watoto wadogo, eti mpaka sarufi yake inyooke, ilhali nyumbani ameandika kurasa arobaini za hadithi kwa lugha yetu. Nimeanza kuzitafsiri, ukurasa kwa ukurasa, na wiki ijayo nina miadi na mwalimu wa lugha. Binti yangu ameniomba nisirekebishe chochote.